Kabla Hujampeleka Mhusika Wako Mirembe

Tangu nistaafu uuguzi wa wagonjwa wa akili, vijana wanaoandika riwaya na filamu hunitumia kazi zao kwenye simu. "Mama, naomba unipitie hii sehemu ya hospitali." Napitia. Nyingi ni kama zimetoka tumbo moja. Binti kaachwa na mchumba, jioni yake anatembea uchi sokoni. Tajiri kadhulumu shamba la yatima, sura ya mwisho anaokota makopo. Anafungwa kamba, anapakiwa kwenye gari, anapelekwa Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, geti linafungwa, basi. Au anaombewa, anaanguka, anaamka mzima na kuomba maji.

Ushauri wangu kwao ni mmoja: usiishie getini. Miaka yote niliyovaa sare, mambo yaliyoninyima usingizi yalitokea baada ya mgonjwa kuruhusiwa.

Mchukue mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Sauti alizokuwa akizisikia kichwani zimepungua, analala, anakula, daktari kamwandikia ruhusa. Namba ya ndugu haipatikani. Iliyoandikwa siku ya kulazwa ilikuwa ya uongo. Wapo wanaobaki wodini miezi wakiwa wamepata nafuu, wanafagia uwanja na kuwalisha wenzao, kwa kuwa hakuna wa kuja kuwachukua. Mwingine anafika kwao, anakuta chumba chake kina mpangaji, mke karudi kwa wazazi wake, baiskeli imeuzwa ili ipatikane nauli ya kumpeleka yeye hospitali. Anauliza baiskeli iko wapi. Akiuliza tena kwa sauti ya juu kidogo, watu wanatazamana: ugonjwa umemrudia. Hapo ndipo penye riwaya, wanangu. Mtu ana hasira ya haki, na hasira yenyewe inahesabiwa kuwa dalili. Akicheka sana, dalili. Akinyamaza, dalili. Akilala mpaka saa nne asubuhi, wanasema hajameza dawa. Kumbe kameza, na ndizo zinazomlaza.

Dawa hazimo kabisa katika hadithi zetu, na sielewi kwa nini, maana zimejaa visa. Haloperidoli na klopromazini hutuliza sauti na vurugu za kichwani, lakini zinaweza kukaza shingo, kutetemesha mikono, kumtoa mtu udenda, au kumfanya ashindwe kukaa kitini hata dakika moja. Mwigizaji anayetembea kakakamaa huku mate yanamtoka anadhani anaigiza kichaa, kumbe anaigiza dawa. Nyingine huongeza njaa, na nyumbani kuna mlo mmoja kwa siku. Na wapo wanaume walioacha sindano ya dawa ya kila mwezi kwa sababu ya mambo ya chumbani. Mke ndiye aliyekuja kuninong'oneza, kajifunika khanga mpaka puani; mume hakumwambia daktari kamwe. Ugonjwa uliporudi, ukoo ukasema karogwa upya.

Kuhusu sauti, tafadhali ondoeni mwangwi na radi. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, humpata takribani mtu 1 kati ya 300 duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na wengi niliowauguza hawakunisimulia mizimu inayonguruma. Walisikia watu wa kawaida, kama jirani nyuma ya ukuta, wakisimulia kila wanachofanya: sasa anashika kikombe, sasa anakunywa, mwone alivyo mjinga. Iandike hivyo, bila kumwambia msomaji kwamba ni ugonjwa, uone kama hatageuka kutazama nyuma. Bessie Head aliliweza hilo katika A Question of Power, riwaya ya 1973. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali ya akili ya Lobatse, Botswana. Ukimsoma hujui lipi la kichwani na lipi la duniani, lakini katikati ya vurugu hiyo mhusika wake, Elizabeth, analima bustani ya mboga pamoja na wanakijiji. Nimeipenda ile bustani kuliko mazungumzo yote ya madaktari niliyowahi kusoma katika riwaya.

Sasa wodi. Najua wengi mnaitoa wapi: One Flew Over the Cuckoo's Nest, filamu ya 1975. Ken Kesey, aliyeandika riwaya yake mwaka 1962, aliwahi kufanya kazi za zamu ya usiku katika hospitali ya wanajeshi wa zamani huko California, na filamu ilipigwa ndani ya hospitali halisi ya akili ya Oregon, mkuu wake akaigiza kama daktari. Kwa hiyo ile ni Marekani yao, ya wakati wao. Nyinyi mnamchukua yule nesi mkatili mwenye kofia nyeupe mnamleta Dodoma. Hospitali moja niliyofanyia kazi, usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa, na nilishuhudia kofi, nilishuhudia mgonjwa kufungiwa peke yake kwa sababu tu hakukuwa na mikono ya kumshika. Yaandikeni hayo, msiyafiche. Ila mwandike na uchovu wa yule aliyepiga kofi, na mshahara wake, na hofu yake.

Na ule umeme wa kumtibu mgonjwa kwa kumpitishia kichwani. Matibabu hayo yalianza Roma mwaka 1938, na yakifanywa inavyopasa leo mgonjwa huwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na kupewa ya kulegeza misuli. Mhusika wako akiwa macho, anapiga mayowe, basi onyesha kwamba utaratibu umevunjwa, au rudisha hadithi yako nyuma miaka mingi. Ukiirudisha, angalia tarehe: Mirembe ilianza 1927, na klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili 1952. Kabla ya hapo, usimpe mtu kidonge cha kutuliza sauti.

Mhusika akiua, kisha ikaonekana hakuwa na akili timamu, anapelekwa Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi, kwa amri ya mahakama, hapelekwi na baba yake kwa teksi. Akijaribu kujiua Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mkosaji, kwa hiyo polisi wanaweza kufika kitandani. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao cha 226, cha kosa hilohilo, kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Fikiria mama anayeamua kudanganya kwamba mwanawe aliteleza bafuni. Namna alivyojaribu usiieleze. Anaweza kukusoma mtu aliye ukingoni.

Mganga na mchungaji msiwadhihaki, wala msiwape ushindi wa sekunde tatu. Familia nyingi nilizozijua zilikwenda kote, kwa wakati mmoja, na bibi ndiye aliyeshika ratiba.

Wengine huniomba niwaombee ruhusa ya kuingia wodini "kuona tu". Siwaombei. Nendeni siku ya kliniki, kaeni benchi la nje pamoja na ndugu, mseme mnaandika nini, na asiyetaka kuongea aachwe. Waulizeni kina mama wamebeba nini kwenye mfuko, wametoka nyumbani saa ngapi, nani kabaki na watoto. Mtakuta pia wenye kifafa, kwani hutibiwa hapohapo. Beba maji na kitu cha kutafuna, foleni ya dirisha la dawa ni ndefu, na usipige picha.