Kituo kipo jirani, mbona haendi?

Safu iliyopita ilihusu tafiti za huduma za afya ya uzazi. Haya ni baadhi ya maswali yaliyonifikia.

Kama kituo kipo karibu na huduma ni bure, mtafiti anatafuta nini tena?

Anatafuta kinachomzuia mwanamke hata hivyo. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichambua vifo vya uzazi, wakaonyesha kuwa mama huchelewa mara tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Ujirani wa kituo haumalizi yote hayo. Uamuzi unaweza kumngoja mume arudi safari. Na akifika, huenda akakuta mlango wazi, wenzake wamejaa kwenye benchi, na mhudumu anamuuliza kwa sauti: "Wewe umeolewa?" Huyo harudi tena. Ukifungua daftari la kituo, ameandikwa kuwa alihudhuria. Ndiyo maana daftari peke yake halinitoshi. Lazima aulizwe mwenyewe.

"Mahitaji ya uzazi wa mpango yasiyotimizwa" maana yake nini?

Kwa kifupi, ni wanawake wasiotaka mimba kwa sasa, au wasioitaka tena kabisa, na hawatumii njia yoyote. Tusikimbilie kusema hawana elimu. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha wanaotaja bei au umbali ni wachache. Wengi zaidi wanataja hofu ya madhara, pingamizi la mwenzi, au kwamba hawakutani naye mara kwa mara. Hofu hiyo nawasihi wahudumu waiheshimu. Aliyetokwa damu wiki tatu mfululizo baada ya sindano anahitaji kuelezwa na kubadilishiwa njia, si kukaripiwa.

Wakija kunihoji nyumbani, mume wangu hatajua nilichojibu?

Hatakiwi kujua, dada yangu. Una haki ya kukataa, kuruka swali, au kusimamisha mahojiano katikati. Nilipokuwa nikifanya kazi ya kuhoji, mama mkwe aliingia chumbani kutafuta ufunguo. Nikafunua ukurasa mwingine, nikauliza habari za chanjo za watoto mpaka alipotoka. Jibu nililopewa baada ya hapo halikufanana na la kwanza, nami silisemi hapa. Kwenye maswali ya ukatili, utaratibu mzuri ni kumhoji mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, na kuacha kabisa pakikosekana faragha.

Kujichukulia mwenyewe sampuli ya kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, kunaaminika?

Ndiyo, kwa kipimo cha HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani hiyo, na Shirika la Afya Duniani linakubali njia hiyo. Inawafikia wanaoona haya kupanda kitanda cha uchunguzi. Ila mradi wa namna hii ukiletwa kwenu, waulizeni: mwenye kirusi atapewa majibu siku ya ngapi, na atatibiwa wapi?