Kwa mnaoanza kazi ya mizigo Mbeya: chunguzeni pale mzigo unapohamishwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika ofisi za usafirishaji hapa Mbeya, kabla hamjakariri nauli za tani, jifunzeni kwanza jinsi njia tunazozitumia zilivyopatikana. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta yake, na njia hiyo ikapita katika nyanda zetu za juu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, barabara kuu ikatiwa lami miaka michache baadaye, kisha kati ya 1970 na 1975 China ikatusaidia kujenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Reli hiyo ilikusudiwa kubeba tani milioni 5 kwa mwaka, lakini kwa miaka mingi imebeba pungufu sana, vichwa vya treni na mabehewa vikiwa haba, na shehena ikahamia kwenye malori yanayopanga foleni kuelekea Tunduma.

Uhaba huo si sababu pekee. Lori huchukua mzigo ghalani na kuushusha ghalani, ilhali treni, hata nauli yake ikiwa nafuu, hudai mzigo upelekwe stesheni, upakiwe, na mwisho wa safari upakuliwe na kutafutiwa gari jingine. Kila unaposhikwa, gharama huongezeka, magunia hupasuka na hesabu hupotea. Hata reli kwa reli hali ni hiyo: njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na Reli ya Kati ya zamani milimita 1,000, kwa hiyo zinapokutana Kidatu ni lazima mzigo uhamishwe.

Basi kaeni pale pa kuhamishia, msibaki ofisini. Hesabuni magunia yakiwa mabegani mwa wapakuzi, kwa sababu yakishapangwa yale ya katikati hayaonekani tena. Linganisheni namba ya lakiri, yaani muhuri unaofungia mzigo, na ile iliyo kwenye hati kabla ya dereva kusaini, na gunia lililolowa liandikwe papo hapo mbele yake.

Mizani ya barabarani nayo ina somo lake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, lakini kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, pia ina kikomo chake, na hilo wageni wengi hulisahau. Lori la viazi kutoka Uporoto ambalo mzigo wake umeelemea nyuma linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likazuiwa, viazi vikaungua juani huku vikipangwa upya. Inaniuma kuona mkulima akilipia uzembe wa karani.

Mteja akija na mbolea ya kujaza mabehewa kadhaa, msimpe bei ya lori peke yake. Mpigieni na hesabu ya treni, mkijumlisha upakuaji wa stesheni na gari la kumalizia safari hadi ghalani, kisha achague mwenyewe.