Jibu: Printa inachapa B badala ya C

Ndugu, umeuliza kwa nini printa yako ya utepe hapo River Road inachapa B penye C na D penye E. Usiiuze bado!

Kebo pana ya printa hiyo, ile ya kutoka kompyuta, hupeleka biti 8 (tarakimu za 0 au 1) kwa mpigo mmoja, kila biti na waya wake, pini ya 2 hadi ya 9. Pini ya 1 huiambia printa isome. Ya 11 huiambia kompyuta isubiri. Sasa, kila herufi husafiri kama namba: C ni 67, B ni 66. E ni 69, D ni 68. Kila mara inapungua 1, yaani biti ya kwanza, yenye thamani ya 1, inapotea, na bila shaka hata A inatoka @. Biti hiyo hupita pini ya 2.

Zima zote mbili, chomoa kebo, imulike kwa tochi uone kama pini imepinda. Ikiwa imenyooka, pima waya huo kwa multimita (kipimo cha fundi umeme) uone kama umekatika.