Maswali ya Wasomaji: Programu za Ofisi Zisizolipiwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la steshenari hapa Morogoro ambapo ninachapa barua, CV na mitihani ya shule za jirani. Fundi aliniwekea Microsoft Office katika kompyuta zangu mbili bila kunipa leseni yoyote, na sasa kila nikiifungua inatoa onyo na kukataa kuhariri. Nimesikia kuna programu za bure zinazofanya kazi hiyo hiyo. Je, kazi za wateja wangu wanaokuja na flashi hazitavurugika? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, alichokuwekea fundi ni nakala ya wizi, na onyo hilo ni jambo dogo likilinganishwa na hatari yenyewe, kwa sababu vijiprogramu vya kuvunjia leseni mara nyingi huja na virusi, na kompyuta ya steshenari hupokea flashi za mtaa mzima. Kwa kazi ulizozitaja ninakushauri uweke LibreOffice, ambayo ni programu ya ofisi ya bure. Inapatikana katika tovuti ya libreoffice.org, leseni yake inaruhusu matumizi ya biashara, na faili lake la kusakinishia, ambalo lina megabaiti zaidi ya 300, unaweza kulipakua mara moja tu na kulihamishia kompyuta ya pili kwa flashi bila kuvunja sheria wala kumaliza bando. Tovuti itakuomba mchango, lakini kutoa ni hiari. Kama kompyuta zako bado zinatumia Windows 7 au 8, fahamu kwamba matoleo kuanzia 25.8 hayazikubali, hivyo chukua toleo la nyuma yake.

Jihadhari usije ukachukua OpenOffice ukidhani ni kitu kile kile. Zote mbili zina asili moja: kampuni ya Sun Microsystems ilifungua kwa umma msimbo (maandishi ya ndani yanayounda programu) wa programu yake ya StarOffice mwaka 2000, na mwaka 2010, baada ya Oracle kuinunua Sun, sehemu kubwa ya waandaaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi ya The Document Foundation. Tangu hapo OpenOffice imedumaa. Toleo lake la 4.1 lilitoka mwaka 2014 na hadi leo limekuwa likifanyiwa marekebisho madogo tu. Kwako wewe kasoro yake kubwa ni kwamba hufungua faili la docx (umbo la kawaida la faili za Word) lakini haiwezi kulihifadhi katika umbo hilo, na wateja wako karibu wote watataka docx.

Sasa nije kwenye hofu yako. Barua na CV za kawaida hufunguka vizuri. Kinachovuruga mpangilio mara nyingi ni fonti, yaani mtindo wa herufi: tangu mwaka 2023 Microsoft ilianza kutumia Aptos mahali pa Calibri, na kompyuta isiyo na fonti hiyo huweka nyingine yenye upana tofauti, mistari ikasogea, na CV ya kurasa mbili ikamwaga maneno matatu kwenye ukurasa wa tatu. Aptos inapatikana bila malipo katika tovuti ya Microsoft yenyewe. Iweke kabla hujaanza kulaumu programu. Mitihani ya hisabati inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa milinganyo iliyoandikwa katika Word hubadilishwa inapofunguliwa na wakati mwingine husogea au kubadilika ukubwa, kwa hiyo mwalimu aipitie kazi yake pale dukani kabla hujatoa nakala mia mbili.

LibreOffice huhifadhi kazi katika umbo lake lenyewe la odt isipokuwa uielekeze vinginevyo. Ingia menyu ya Tools, kisha Options, kisha Load/Save, uchague docx iwe umbo la kudumu. Kazi ambayo mteja hataihariri tena mpe katika PDF, na kitufe chake kipo juu kabisa pale unapoandikia.

Kwa kuwa unachapa Kiswahili, unaposakinisha usikubali tu kila kinachopendekezwa, bali chagua njia ya Custom na uweke alama kwenye kamusi ya Kiswahili, ili programu ikuoneshe makosa ya tahajia badala ya kupigia mstari mwekundu kila neno. Nchini Tanzania jambo hili lina historia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Inasikitisha kwamba wenye steshenari wengi hawajawahi kuisikia.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama Mombasa. Hesabu zetu zimo katika faili la Excel alilotutengenezea mhasibu, lenye vitufe vinavyojaza taarifa vyenyewe. Litafanya kazi katika programu ya bure? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Dada msomaji, hesabu zitafanya kazi, lakini vitufe siwezi kukuahidi. Fomula kama SUM, IF na VLOOKUP huandikwa vile vile katika Calc, ambayo ni sehemu ya LibreOffice. Vitufe hivyo huendeshwa na makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, zilizoandikwa kwa lugha ya Microsoft, nayo Calc huielewa kwa sehemu tu. Tengeneza nakala ya faili, uifungue katika Calc, ulinganishe jumla za kila mwanachama na zile za zamani, na usilifute la zamani mpaka mwezi mzima wa michango upite bila tofauti. Ikiwa katibu na mwenyekiti nao wanahitaji kuingiza hesabu, Google Sheets itawafaa zaidi, mradi kila mmoja awe na intaneti, na mmoja wenu awe ndiye mwenye mamlaka ya kuamua nani anaruhusiwa kuhariri.

SWALI: Sina kompyuta, nina simu ya Android tu, na chuo kinataka kazi katika docx. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Kigoma)

JIBU: Weka Collabora Office, ambayo imejengwa juu ya LibreOffice na huhariri docx hata bando likiisha. WPS Office nayo ni nyepesi kuizoea, ila toleo lake la bure lina matangazo. Orodha ya yaliyomo na namba za kurasa ziache hadi siku utakayopata kompyuta ya maktaba, kwani kwenye kioo cha simu kazi hiyo ni mateso.