Wanasayansi wamegundua chanjo, wameivumbua, au wameibuni?

SWALI: Mtaalamu wetu wa lugha, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kufupisha habari ya chanjo mpya ya malaria. Mmoja akaandika "wanasayansi wamegundua chanjo". Wa pili, "wamevumbua chanjo". Wa tatu, "wamebuni chanjo". Huyo wa tatu wenzake walimcheka, wakasema kubuni ni kutunga uongo, sasa ina maana chanjo ni ya uongo? Nimebaki na madaftari mezani, kalamu nyekundu mkononi, nashindwa kuamua. Alama nimpe nani?

JIBU: Mwalimu, alama kamili mpe yule aliyechekwa. Wa pili naye ana haki yake, nitamfikia. Wa kwanza ndiye aliyekosea, ingawa ameandika vile anavyosoma na kusikia karibu kila siku, kwa hiyo usimkazie sana kalamu.

Tuanze na kugundua, na kwa kuwa uko Morogoro mfano tunao hapo hapo. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa makohozi. Panya anapitishwa kwenye safu ya sampuli, ananusa moja baada ya nyingine, na akifika kwenye yenye harufu ya bakteria wa TB anasimama na kukwaruza. Tunasema panya huyo amegundua TB, na hakuna Mswahili atakayeshtuka. Sasa jaribu kusema panya amevumbua TB, au amebuni TB. Sikio linakataa palepale. Bakteria walikuwamo ndani ya makohozi kabla panya hajaletwa, na yeye kazi yake ilikuwa kutambua kwamba wamo. Hiyo ndiyo maana ya kugundua: kitu kipo, wewe hukuwa na habari nacho, sasa unayo. Ndiyo maana daktari hugundua ugonjwa, mama hugundua sukari imeisha, na mwalimu hugundua wanafunzi wawili wamenakiliana.

Wala si lazima aliyegundua awe alikuwa anatafuta. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo. Akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto bila kusubiri yapoe. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Hakuwa anatafiti joto, alikuwa anawahi nafasi. Lakini aligundua jambo, akaliulizia kwa miaka kadhaa bila kukata tamaa, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha makala. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu yake, na wengine wanabishana hata kama jambo lenyewe hutokea kweli. Kwa ubishi huo kuna waandishi wanaochagua "alidai" au "alieleza". Mimi naona "aligundua" inamfaa, maana alichokiona siku ile alikiona.

Kitenzi hiki kina jambo jingine ambalo linanigusa. Kugundua hutaka tujue ni nani ambaye hakuwa na habari. Vitabu vya zamani vilituambia kwamba mmisionari Johannes Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Wachaga walikuwa wakilima kwenye mteremko wake na kunywa maji yake. Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona, na hivyo ndivyo inavyopasa kusemwa. Kiswahili chenyewe kinakataa ile sentensi ya vitabu, hata kabla ya mwanahistoria kuikataa.

Sasa turudi kwenye malaria. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Ronald Ross alimpasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa, akaona vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo la mbu yule. Ross aligundua. Vimelea vilikuwamo ndani ya mbu zama na zama, havikumsubiri yeye vianze kuwapo.

Chanjo je? Nadhani wanafunzi wako walisoma habari za R21, ile iliyotoka Chuo Kikuu cha Oxford na kufanyiwa majaribio kwa watoto wapatao 4,800 katika nchi nne, wakiwemo wa Bagamoyo na Kilifi, kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza Oktoba 2023. Chanjo hiyo haikuwa imejificha ndani ya mbu wala chini ya jiwe. Wataalamu walichukua sehemu ya protini inayokifunika kimelea cha malaria, wakaiunganisha na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, ikawa chembe ndogo ambayo mwili huiona kama adui na kujifunza kupigana naye. Chembe hiyo haikuwapo duniani mpaka watu walipokaa, wakafikiri, wakaiunda. Ukisema waliigundua, umewanyima jasho lao. Umewafanya waokota dodo chini ya mwembe.

Tufike kwa mwanafunzi wa pili. Kuvumbua ni neno ninalolipenda, na ili ulionje vizuri itabidi nikupeleke uani kwa bibi yangu. Alikuwa akivumbika ndizi. Anachimba shimo, analipasha moto, anatandika majani makavu, anapanga mikungu, anafunika kwa majani na udongo. Siku kadhaa baadaye anafukua, na harufu inajaa ua mzima. Sasa tazama umbo la maneno: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua. Vumbika iko upande mmoja, vumbua upande wa pili. Kuvumbika ni kuficha ardhini, kuvumbua ni kutoa kilichofichika. Kwa hiyo ndani ya kuvumbua mna jembe na mna jasho. Anayegundua anaweza kuwa amekaa, lakini anayevumbua amechimba, hata kama anachimba kwa darubini na hesabu.

Nikuonyeshe vitenzi hivyo viwili katika tukio moja. Tarehe 17 Julai 1959, Oldupai, mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alikuwa akitembea kwenye mteremko huku mumewe Louis akiwa kambini na homa. Akaona mfupa umechomoza kwenye udongo, akainama, akaona na meno mawili. Hapo amegundua. Kisha wakaingia kazini, wakachimba, wakachekecha udongo na kukusanya vipande mamia, wakaviunganisha kimoja kimoja mpaka likapatikana fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, la miaka kama milioni 1.75. Hapo wamevumbua. Anayezijua kazi hizo mbili hatazichanganya.

Lakini lugha haikai shimoni. Katika matumizi ya leo kuvumbua kumepanuka, na kamusi zinakubali maana ya kuleta kitu kipya ambacho hakikuwapo. Tunasema mvumbuzi wa simu, uvumbuzi wa treni, na kila mtu anaelewa. Kwa hiyo "wamevumbua chanjo" si kosa. Ni neno pana kuliko kazi iliyokuwapo, basi.

Na kubuni? Ni kweli tunasema kesi ya kubuni, takwimu za kubuni, hadithi ya kubuni. Ndiyo maana darasa lilicheka. Ila mzizi wa neno si uongo. Mzizi wake ni kutoa kitu kichwani. Kinachoamua kama ni sifa au lawama ni kile kilichobuniwa. Ushahidi hautakiwi kutoka kichwani mwa mtu, kwa hiyo anayeubuni ni mwongo. Mtambo, mshono wa nguo na chanjo havina mahali pengine pa kutoka isipokuwa kichwani mwa mtu, kwa hiyo anayevibuni ni fundi. Serikali yetu imeliweka neno hili waziwazi kwenye Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na sijasikia mtu aliyedhani ni mashindano ya kutunga uongo. Waulize wanafunzi wako: mtu akisema "watafiti wamebuni matokeo", na mwingine "watafiti wamebuni kipimo", ni yupi anayepaswa kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu? Watajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Anayeogopa bado, atumie kuunda. Watu wa pwani huunda jahazi, ubao kwa ubao, na hakuna anayelidhania jahazi kuwa la kufikirika. Hata kutengeneza lina nafasi yake, nalo ningependa tulitunze. Chanjo ya R21 ilibuniwa Oxford, Uingereza, lakini anayeitengeneza kwa mamilioni ya dozi ni Taasisi ya Serum ya India. Mwandishi akichanganya aliyebuni na anayetengeneza, msomaji hatajua dozi za mtoto wake zinatoka wapi.

Unaweza kuniambia, Mwalimu, kwamba haya ni ya walimu wa lugha tu, wanasayansi wenyewe hawajali. Wanajali sana. Alfred Nobel, aliyeanzisha tuzo zinazoitwa kwa jina lake, katika wosia aliousaini tarehe 27 Novemba 1895, aliandika kwamba tuzo ya fizikia itolewe kwa ugunduzi au kwa kitu kilichobuniwa, lakini ya tiba itolewe kwa ugunduzi. Tazama basi mwaka 2023. Katalin Karikó na Drew Weissman walipopewa tuzo ya tiba, wengi waliandika kwa Kiswahili kwamba hao ndio waliogundua chanjo ya korona. Hawakupewa tuzo kwa chanjo. Walikuwa wameona kwamba mRNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ikitengenezwa maabara na kuingia kwenye seli za kinga inaleta uvimbe, yaani mwili unaishambulia kama adui. Wakachunguza, wakatambua kwamba ukibadilisha kiungo kimoja tu cha mRNA hiyo, uvimbe unatulia. Walichapisha mwaka 2005. Huo ndio ugunduzi. Chanjo ziliundwa mwaka 2020 na wengine, kwa msingi huo. Miaka 15 inapotea katikati ya "waligundua" na "chanjo", na ndiyo miaka ambayo kijana anayetaka kuwa mtafiti anahitaji kuijua.

Mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe inayotokana na magimba mazito yanapogongana, yana mkasa kama huo. Einstein aliyabashiri kwa hesabu mwaka 1916. Wahandisi wa Marekani wakabuni na kujenga mitambo miwili ya kuyanasa, iitwayo LIGO, yenye mikono ya kilomita 4. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ikanasa mtikisiko mdogo kuliko kiini cha atomu, na watafiti wakagundua kwamba umetoka kwenye mashimo meusi mawili, magimba mazito ambayo hata mwanga hautoki ndani yake, yaliyogongana mbali sana. Kila kazi ina kitenzi chake.

Kwenye nishati ya jua, perovskaiti ni madini yaliyogunduliwa kwenye milima ya Urali mwaka 1839. Seli za sola zinazoitwa kwa jina hilo zilibuniwa Japani mwaka 2009, na hazitumii jiwe lile la Urali. Zinatumia kemikali nyingine zilizopangwa kwa umbo lile lile la fuwele. Mwandishi akisema seli hizo "ziligunduliwa Urali", msomaji atadhani tunaweza kwenda kuzichimba.

Kwa hiyo madaftari yako yaende hivi. Wa tatu umpe alama zote, na ningekuomba usome sentensi yake kwa sauti mbele ya wale waliomcheka. Wa pili umpe alama yake, umwongezee kando "wamebuni" ili aone neno linalokaribia zaidi. Wa kwanza usimkate kwa mstari mwekundu. Mrudishie daftari, kando ya sentensi yake umwandikie swali moja: kabla wanasayansi hawajaiona, chanjo hiyo ilikuwa wapi?