Agosti nchini Japani: je, joto lake linamhusu mtu wa pwani?

SWALI

Sisi ni familia ya watu sita kutoka Mombasa: mimi na mume wangu, watoto watatu wa miaka 4, 8 na 13, pamoja na mama mkwe wangu ambaye ana miaka 66 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Viza ya Japani tumeshapata, na tunatarajia kusafiri likizo ya Agosti kwa siku kumi tukitembelea Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima. Rafiki yetu aliyesoma huko anatuonya kwamba mwezi huo joto ni la kutisha. Mume wangu anamcheka, akisema kwamba watu wa pwani hawatishwi na joto. Nani kati yao anasema kweli, na tuzipange vipi siku zetu?

Mama wa Watatu, Mombasa

JIBU

Rafiki yenu ndiye anayesema kweli, na sababu ya kwanza iko katika kalenda yenu wenyewe. Joto ambalo mume wako amelizoea ni lile la kaskazi, kati ya Januari na Machi, ambapo Mombasa hufikia nyuzi 32 au 33. Nyinyi mtaondoka Agosti, kusi likiwa bado linavuma, mchana haupiti sana nyuzi 28 na usiku watu wanajifunika shuka. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto jipya, ambao ni karibu muda wote wa safari yenu.

Sababu ya pili ni hali ya miji yenyewe. Kyoto imejengwa bondeni, milima imeizunguka pande tatu, na ule upepo wa bahari unaotuokoa sisi kila alasiri haufiki huko. Wastani wa joto la mchana kwa mwezi wa Agosti ni karibu nyuzi 34, siku zinazopita 35 ni nyingi, na usiku mara kwa mara haushuki chini ya 25. Unyevu hewani ni mwingi, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Rekodi ya nchi nzima, nyuzi 41.8, iliwekwa Isesaki, kaskazini-magharibi ya Tokyo, tarehe 5 Agosti 2025.

Lakini hata hayo si makubwa kuliko hili: Mombasa saa saba mchana, mwenye akili zake hatembei. Yuko barazani, au kivulini, au amelala. Mtalii hufanya kinyume, kwa kuwa amelipia nauli kubwa na anaona kila saa anayopumzika ni hasara, hivyo huzunguka kilomita kumi na zaidi kwa siku, juu ya changarawe za ua wa mahekalu na lami isiyo na mti. Joto mnalolijua nyinyi ni la kukaa, na hili la Japani mtalitembea.

Kwa hiyo pelekeni Japani ile desturi ya nyumbani. Agosti jua huchomoza huko mnamo saa kumi na moja alfajiri. Mkishasali, msirudi kitandani. Hekalu la Kiyomizu-dera mjini Kyoto hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambapo mabasi ya watalii bado hayajafika. Fushimi Inari, lenye maelfu ya milango ya mbao ya rangi nyekundu inayopanda mlimani, halina kiingilio wala saa ya kufungwa. Kilele chake kina mita 233 na hakuna haja ya Bi Mkubwa kukifikia, kwani safu za milango zinazopendeza zaidi, kwa maoni yangu, ziko chini kabisa. Ifikapo saa nne asubuhi muwe mmeshamaliza kazi ya nje, na msitoke tena hadi saa kumi alasiri.

Saa hizo za katikati si za kupotea. Kyoto kuna jumba la makumbusho ya reli lenye vichwa vya treni vya zama za mvuke, ambalo mtoto wa miaka 8 hatataka kutoka. Osaka iko mwendo wa nusu saa tu kwa treni, na katika nyumba ya samaki ya Kaiyukan, iliyofunguliwa mwaka 1990, watoto wataonana ana kwa ana na papa shilingi, yule yule ambaye wavuvi wetu wanamkuta baharini. Kwa hiyo sioni haja ya kuhamia hoteli ya Osaka. Lalini Kyoto, mwende na kurudi.

Hiroshima ningeiacha safari hii. Si kwamba haistahili, bali miji minne kwa siku kumi, pamoja na mtoto wa miaka 4, ni siku nyingi za kuburuta mabegi juani. Siku zitakazobaki zipelekeni milimani, katika eneo la Nikko, ambalo hufikiwa kwa treni ya takriban saa mbili kutoka kituo cha Asakusa, Tokyo. Ziwa Chuzenji liko mita 1,269 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kwa karibu nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, mtahisi tofauti mara tu mlango wa basi utakapofunguliwa. Maporomoko ya Kegon, yenye urefu wa mita 97, yana lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba inayowashusha watu hadi kwenye jukwaa la kutazamia, na hapo Bi Mkubwa ataona kila kitu bila kupanda ngazi ndefu.

Kuhusu afya yake, mpelekeni kwa daktari wake kabla ya safari. Baadhi ya dawa za shinikizo hufanya kazi kwa kumkojoza mgonjwa, na mtu anayepoteza maji kwa njia hiyo huku akitokwa na jasho kutwa nzima huweza kuishiwa nguvu ghafla. Asiache dawa wala asipunguze kipimo kwa uamuzi wake mwenyewe. Mdogo wenu naye, kimo chake kinamweka karibu zaidi na lami inayofuka joto; akiwa katika kigari, msikifunike kwa kanga ili kumkinga jua, kwa sababu hewa ya ndani hukwama na kupata moto. Ogopeni zaidi mtoto aliyenyamaza kuliko anayelia. Yeyote atakayelalamika kichwa, kutapika au kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, mwingizeni penye kiyoyozi, mlegezeni nguo, mwekeeni vitu vya baridi shingoni na makwapani, na mpige 119, namba ya gari la wagonjwa.

Maji ya bomba yanafaa kunywewa, na mashine za kuuza vinywaji ziko karibu kila kona. Chai baridi ya shayiri ni chaguo zuri kwa watoto kwa sababu haina sukari wala kafeini. Kwa siku za jasho jingi, ongezeeni vinywaji vyenye chumvi vinavyouzwa kwa wanamichezo. Chukueni pia taulo ndogo za mkononi, na miavuli. Wanaume wa huko siku hizi nao hujikinga jua kwa mwavuli, kwa hiyo mume wako asione haya.

Chakula cha halali kinahitaji uangalifu, kwani mchuzi usio na nyama ya nguruwe unaweza kuwa umetiwa pombe ya mchele. Njia rahisi ni kuuliza msikitini: Tokyo upo ule wa Tokyo Camii, na Kobe, jirani na Osaka, upo msikiti uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza nchini humo.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote. Kati ya tarehe 13 na 16 Agosti Wajapani wengi husafiri kwenda kwao kwa sikukuu ya Obon ya kuwakumbuka wazee waliofariki, na ni kipindi ambacho tufani nazo huweza kusimamisha treni. Kipindi hicho treni za kasi za Nozomi, zinazounganisha Tokyo na Kyoto kwa saa mbili na robo hivi, hazina viti visivyokatiwa nafasi kabla, na nafasi hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari. Wa miaka 13 atalipa nauli ya mtu mzima, wa miaka 8 nusu nauli. Wa miaka 4 husafiri bure iwapo atapakatwa, lakini ningewashauri mmkatie nusu nauli naye, apate kiti chake.