Shangazi, nikisimama mbele ya watu sauti inanikatika

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwenye mkutano mkuu uliopita nilisoma taarifa ya mapato na matumizi, sauti ikatetemeka, ikawa nyembamba kama ya mtoto. Waliokaa nyuma wakapaza: "Sauti! Sauti!" Mwenyekiti akachukua karatasi akasoma mwenyewe. Rafiki yangu ananiambia ninywe mayai mabichi sauti iwe nzito. Mkutano mwingine ni mwezi ujao. Nifanyeje? – Mhazini, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa ile karatasi; imeniuma hata mimi. Mahesabu uliyaandika wewe, na wa kuyasoma ni wewe.

Mayai achana nayo. Chakula hupita kwenye umio, ilhali nyuzi za sauti zimo kwenye njia ya hewa. Chakula kikizifikia, ujue umepaliwa. Uzito wa sauti unatokana na urefu na unene wa nyuzi hizo. Za mwanamke mtu mzima hutikisika kama mara 200 kwa sekunde, za mwanamume kama mara 120, na ndivyo tulivyoumbwa. Ukilazimisha sauti ishuke, utaishia kukwaruza koo.

Wala sauti nyembamba haimzuii mtu kusikika. Ya Mwalimu Nyerere haikuwa nzito. Sikiliza hotuba yake ya mwaka 1978 kuhusu vita dhidi ya Idi Amin: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Vipande vifupi, na kila kimoja amekipa nafasi yake.

Wewe kilichokuangusha ni pumzi. Mtu akiingiwa na hofu mabega hupanda, anahema juu juu kifuani, na hewa inamwishia kabla sentensi haijaisha. Kwa hiyo jioni lala chali, weka daftari juu ya tumbo, vuta hewa mpaka daftari linyanyuke, kisha itoe polepole ukihesabu kwa sauti. Ukizoea, fanya hivyohivyo umesimama.

Halafu chukua taarifa yenyewe na kalamu nyekundu. Najua mahali palipokushinda: tarakimu. "Shilingi milioni tatu, laki nne na elfu ishirini" ni safari ndefu kwa mtu aliyeishiwa pumzi. Weka alama ya mkwaju (/) kabla ya kila kiasi cha fedha. Hapo unanyamaza, unavuta hewa, ndipo unataja. Usiogope kimya hicho. Wanachama wanakihitaji, maana fedha ni zao na wanataka kuzifuata.

Soma kwa sauti kila siku, mtu wa nyumbani akiwa amekaa mbali, anyooshe mkono kila neno linapompotea. Kama kuna maikrofoni, fika mapema uijaribu, uiweke karibu na kidevu.

Wakipaza tena "Sauti!", usiombe radhi. Tua, vuta pumzi, rudia sentensi ile tangu mwanzo. Na zungumza na mwenyekiti wiki hii, kwa heshima, umwambie safari hii utasoma mpaka mwisho.

Hujaniambia kama sauti hukauka hata siku za kawaida. Kama imekwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na usingoje mkutano upite.